Dada, Niunganishe na Mke Wangu

Sitaanza kwa kuapa, kwa kuwa nimewasikia wengi wakiapa kisha wakasema uongo. Nitaanza kwa kutaja siku. Ilikuwa Jumatano, tarehe 15 Julai 1998, wakati wa alasiri, katika hoteli moja ya Diani ambayo siitaji jina kwa sababu ndiyo inayoniajiri hadi leo. Hapakuwa na giza wala mvua. Anayetaka jini lenye kwato za punda na aende kwa wasimulizi wengine. Yaliyonipata mimi yalinipata mchana, kazini, nikiwa nimevaa sare iliyopigwa pasi, na sikuwa na homa.

Ili unielewe, sharti kwanza ujue nilivyofiwa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la nazi na korosho. Jumatatu, tarehe 6 Machi 1989, nilijiandikisha gumbaru, yaani darasa la watu wazima, katika skuli iliyo karibu na nyumba yetu kule Milalani, si mbali na Msambweni. Nilikuwa mwanamke mzima na sikuwahi kushika kalamu. Mume wangu alinikataza, nami nikaenda. Alhamisi ya juma lilo hilo, kabla ya kupanda lori, alisimama mlangoni, mama yake akisikia, akatamka: "Siko radhi nawe mpaka uache kusoma." Hakunywa hata chai. Jioni waliniletea maiti yake. Lori lilikuwa limepinduka njia ya Lunga Lunga.

Kwetu radhi ya mume si neno la kupitisha mdomoni. Mke huiomba mumewe akiugua, huiomba akisafiri, na mume akizikwa, wanawake waliokaa matangani huulizana kwa sauti ya chini kama alimwacha mkewe nayo. Waliponiuliza mimi, mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alinitangulia kujibu. "Hakumwacha nayo," alisema, mbele ya mkeka mzima.

Nilikaa eda yangu yote bila kuvunja hata siku moja. Ilipokwisha nilivaa viatu nikarudi darasani.

Hilo hawakunisamehe. Mwaka 1993 nilifanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto walioweza kuwa wanangu, nikapita. Nikajifunza kazi ya simu, na tangu 1995 nimekaa kwenye swichibodi ya hoteli nikisema, "Habari za asubuhi, nikusaidie vipi?" kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani kidogo. Mavyaa naishi naye na ni mimi ninayemlisha. Makuti yakivuja, kwake ni radhi. Mbuzi akitupa mimba, ni radhi. Kwa miaka hiyo yote nilimjibu jambo moja tu: mauti yalimwahi mwanawe kabla hajatulia, na laiti angerudi nyumbani jioni ile angenisamehe. Nililisema mara nyingi kiasi cha kuliamini, na huo ndio uliokuwa mto wangu wa kulalia.

Sasa nije kwenye mtambo.

Juma hilo alikuja mchuuzi kutoka Mombasa na hedseti isiyo na waya. Wakati ule sisi maopareta tulivaa zenye waya, ukisimama zinakuvuta kama mbuzi aliyefungwa. Hii mpya ilikuwa na kitako kinachochomekwa kwenye umeme kando ya swichibodi, na kipokezi chenyewe unakivaa kichwani ukaenda nacho utakako. Mchuuzi aliiacha tangu Jumatatu hadi Jumamosi, akaomba hoteli imwandikie maoni juu ya mambo mawili: starehe ya mvaaji, na ubora wa sauti. Mutua, msimamizi wa mapokezi, kijana wa watu wa bara waliolowea kwenye mashamba ya skimu yaliyogawiwa na serikali kule juu, alinikabidhi.

"Mathe, wewe ndiye umekaa na hiyo waya miaka yote," aliniambia, maana vijana wa bara mama humwita mathe. "Tuambie kama hii ni kitu ama ni takataka."

"Nitakuandikia," nilimjibu.

"Usiandike kitabu lakini. Nakujua."

Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kama ninavyofanya zote. Starehe: aliyeunda hedseti ile hakuwaza mwanamke anayejitanda. Ukiivaa juu ya mtandio inateleza hadi shingoni. Ukiivaa chini yake, sikio la kushoto linapata moto kama limewekewa kikombe cha chai. Nilijaribu mtandio wa pamba, nikajaribu wa hariri bandia, na wa pamba ulikuwa nafuu. Sauti: nzuri karibu na kitako, jikoni inaunguruma kwa sababu ya majokofu, kwenye ngazi inakatika. Jumatano Mutua akanitaka nitembee nayo hadi nijue mwisho wake uko wapi.

Nilipita kwa madobi, nikapita chumba cha kulia cha wafanyakazi, nikafika nyuma kabisa, ambako kiwanja cha hoteli kinakomea kwenye miamba ya matumbawe. Pana pango pale. Kabla ya ukuta kujengwa, watu wa kwetu walikuwa wakienda pangoni na marashi na kipande cha kaniki, kuomba. Siku hizi hapaendwi, ila mtunza bustani hukata majani akaacha duara mlangoni mwa pango bila kulikata, na hakuna aliyemwamuru.

Mutua alikuwa akinisemesha sikioni. "Mathe, bado wanipata? Mathe?" Sauti yake ikajaa mchanga, ikazama. Nikasema moyoni, mwisho wake ni hapa. Nilikuwa nageuka.

Ndipo sauti ikasafika. Niamini, sijapata kusikia simu safi namna ile, hata mtu akipiga kutoka chumba cha jirani. Nilisikia lori likinguruma mahali pamoja bila kuondoka. Nikasikia kikohozi kifupi, kimoja, kikavu.

Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba ukiitwa na usimwone akuitaye, usiitike. Kila mtoto wa pwani analijua hilo. Lakini opareta hulipwa mshahara kuitikia sauti za watu asiowaona, na mimi nilikuwa nimeitikia kwa miaka mitatu, kila simu kabla haijalia mara ya pili. Mdomo ulitangulia.

"Habari za alasiri. Nikusaidie vipi?"

"Nzuri, dada. Samahani kwa kukusumbua," alisema mume wangu. "Naomba uniunganishe na mke wangu."

Je, wewe ungeijua sauti ya mtu uliyelala naye miaka kumi na minne? Niliijua kabla ya neno la pili. Lakini sikiliza lililonichoma zaidi ya hofu. Katika miaka hiyo kumi na minne hakupata kuniambia samahani. Hakupata kuniambia naomba. Alikuwa mtu wa "lete" na "ondoa". Na sasa, kwa mwanamke asiyemjua, kwa opareta, adabu imemjaa mdomoni kama bwana harusi mbele ya wakwe.

Nilimwuliza mkewe anakaa wapi. Sijui kwa nini niliuliza. Ndivyo tunavyofundishwa.

"Milalani, nyumba ya pili ukishapita msikiti. Simu hana, dada, lakini nimeambiwa wewe waunganisha yeyote." Akalitaja jina langu, lile la nyumbani, ambalo sikusudii kuliandika hapa. "Mwambie nimechoka kungoja huku barabarani. Nataka kumpa radhi yake niende zangu."

"Ni mimi," nikasema. "Unayezungumza naye ndiye mimi."

Alicheka kwa upole, kicheko cha mtu asiyetaka kumfedhehesha mwenzake. "Dada, usinifanyie mzaha. Mke wangu nisimjue? Mke wangu hasemi hivyo. Mke wangu hata saa ya ukutani hajui kuisoma."

Nikapiga hatua moja mbele, sijui kuelekea wapi, na mchanga ukarudi sikioni. Nikamsikia Mutua: "Mathe! Ulipotea."

Siku ya pili yake nilimsimulia mtu mmoja tu. Mwanasiti ni dobi wa hotelini, Mdigo mwenzangu, mwenye ulimi usiojua kulala. Alikuwa akikunja mashuka. Hakuacha kukunja.

"Uliitika?"

"Kazi yangu ni kuitika."

"Basi ushaitika, yakhe, hayo yamekwisha. Lakini nawe! Mtu amekufa akikujua kwa Kidigo chako cha jikoni, wewe unamsomea taarifa ya habari. Atakujuaje?"

"Nilimwambia ni mimi."

"Ulimwambia kwa sauti ya redio." Akaninyang'anya shuka mkononi, kwa kuwa nilikuwa nalikunja vibaya. "Kama radhi waitaka, mpelekee mke aliyemwacha. Kama huitaki, mrudishie yule Mhindi kidude chake ulale."

Mchuuzi hakuwa Mhindi, lakini sikumsahihisha. Nilikuwa na Ijumaa peke yake. Jumamosi hedseti ingerudi Mombasa.

Usiku ule, nikiwa nyumbani, nilijaribu kuitafuta sauti yangu ya zamani. Usicheke. Ilikuwa kama kutafuta nguo uliyompa mtu. Ile sauti ilianzia chini, ikatoka puani kidogo, na haikumaliza sentensi, kwa kuwa daima kulikuwa na mtu wa kuimalizia. Nilisimama jikoni nikasema, "Abee," kama mke anavyoitika. Nikasema tena. Nilipoipata, mavyaa alisema kutoka chumbani kwake, "Mwanangu, ushatoka kisimani?" Ilikuwa miaka tisa tangu aniite mwanangu. Nikaketi juu ya kinu.

Ijumaa, tarehe 17, wanaume waliporudi kutoka msikitini na wageni wamelala baada ya chakula, niliivaa hedseti chini ya mtandio wa pamba na kwenda nyuma. Nilivua viatu nilipofika kwenye duara la majani. Sikusubiri sana. Mchanga, kisha usafi ule, kisha lori, kisha kikohozi.

"Dada? Samahani. Ni yule wa juzi. Umempata?"

"Abee," nikasema.

Lori likaendelea kunguruma.

"Ni wewe?"

"Ni mie." Kuanzia hapo tulizungumza Kidigo, na mimi nikazungumza kama nilivyokuwa nikizungumza, nikiachia maneno nusu, nikimwachia yeye amalizie. Na adabu ikamtoka, kama nilivyotarajia. Mbona nilichelewa? Mbona nilimwacha juani? Mamake anakula? Nikamwambia anakula. Meno? Nikamwambia hana tena, namsagia. Akasema ni vyema. Akasema nazi za lori lile zilikuwa zimefungwa vibaya, aliwaambia na hawakumsikia. Alikuwa akilalamika kama mtu aliyeondoka asubuhi. Nami, Mungu anajua, nilikuwa nikilia na nikifurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amenigombeza kwa mapenzi tangu mwaka 1989.

"Haya," akasema mwishowe. "Nataka kwenda. Nikupe yako. Umeacha kusoma?"

Nikukumbushe mahali niliposimama. Peku, juu ya majani, mwanamke wa makamo, cheti changu kimetundikwa ukutani nyumbani juu ya kitanda. Neno moja lilihitajika. Nimeacha. Angelichukua, angenipa radhi, angepanda lori lake. Mavyaa angekufa akiniita mwanangu. Nani angejua? Wewe ungefanyaje?

Mimi sikuweza. Si kwa ucha Mungu, nisijipambe. Nilifikiri tu kwamba kama radhi hii ni ya yule asiyejua kuisoma saa, basi hata nikipewa haitakuwa yangu. Atakuwa amepewa mwingine, nami nimebeba.

"Sikuacha," nikamwambia. Na sauti yangu, ile ninayoiandikia hapa, ikarudi yenyewe bila kuitwa. "Nilimaliza eda yako nikarudi darasani. Nilisoma mpaka nikaajiriwa. Sauti uliyoiomba samahani juzi ilikuwa yangu. Ulinisemesha vizuri siku ile. Nisemeshe vivyo hivyo sasa, kisha unisamehe."

Lori. Kikohozi.

Alipozungumza alirudi kwenye Kiswahili, na adabu yote ikawa imerudi.

"Samahani, dada," akasema. "Nadhani umeniunganisha na mtu siye. Asante kwa taabu yako."

Na hapakuwa tena na kitu. Hata mchanga haukurudi. Sikio lilikuwa kimya kama kisima.

Nilivaa viatu nikarudi ndani. Mutua alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya swichibodi na waya mkononi.

"Mathe, ulikuwa unaongea na nani huko nje? Mtunza bustani anasema ulikuwa unalia."

"Na mteja."

"Mteja gani?" Akaniinulia ule waya. "Wasafishaji waling'oa hiki kitako wachomeke mashine ya sakafu. Imezimwa tangu lanchi. Hiyo kitu kichwani mwako haiwezi kupata hata redio."

Nilivua hedseti, nikafuta kipokezi kwa ncha ya mtandio, nikaiweka mezani. Kilikuwa baridi. Sikio langu ndilo lililokuwa moto.

Jumamosi mchuuzi alikuja na kuomba maoni. Nilikuwa nimeyaandika usiku kwa mwandiko wangu mzuri. Juu ya starehe niliandika habari ya mtandio na joto la sikio la kushoto, nikashauri ukanda upanuliwe. Juu ya sauti niliandika: safi kuliko inavyohitajika. Mchuuzi alisoma akacheka.

"Safi kuliko inavyohitajika? Mama, hiyo ni sifa ama ni lawama?"

"Ni maoni," nilimwambia. "Uliomba maoni."

Hoteli ilinunua mbili. Wenzangu wa zamu nyingine wanazivaa na hawajaniambia lolote, ingawa hakuna anayetembea nazo hadi nyuma. Mimi niliomba nibakiziwe ile ya waya. Mutua huwaambia wageni kwamba mathe ni wa kizamani, nami sibishi naye.

Leo nayaandika haya ni Desemba 1999. Sikio langu la kushoto halisikii watu. Daktari wa Msambweni aliliangalia mara mbili akaniambia ni safi, halina kasoro. Lakini nyumba ikinyamaza, nikilala ubavu wa kulia, nasikia lori lisiloondoka. Halinikaribii wala haliendi mbali. Yuko pale pale barabarani, injini imewashwa, anamngoja mwanamke wa Milalani asiyejua kusoma saa, na hakuna opareta atakayempata.

Mavyaa ni hai. Jumapili ile nilimwambia kwamba nimemsikia mwanawe, na kwamba alimwulizia meno. Alilia sana, akaamini papo hapo. Hakuhitaji ushahidi wa Mutua. Kisha akaniuliza, "Na radhi?" Nikaendelea kumsagia samaki. Akanitazama, akaelewa, akageukia ukutani, na hadi leo hajalitaja tena neno hilo. Unadhani amenihurumia? Hapana. Zamani aliweza kunishutumu nami nikamjibu kwamba ni mauti yaliyomwahi mwanawe. Sasa sina jibu hilo. Mwanawe aliulizwa, akanisikia vizuri bila mkwaruzo wowote, akakataa. Wala hakukataa kwa hasira. Alikataa kwa heshima, kama mtu anavyomkataa mgeni.

Kwa hiyo wewe unayesoma, na hasa wewe mwanamke uliyesoma ukubwani na kuacha nyuma yako mtu aliyekujua kabla, pokea onyo langu. Sikwambii usiitike. Sote tutaitika, sauti tuliyoipenda haisubiri ruhusa. Lakini itakapokuita, usikimbilie kusema ni mimi. Mwulize kwanza anamtafuta nani. Na kama anayemtafuta ameshaondoka, mwambie hivyo kwa adabu, uvue kilicho sikioni, urudi kazini.